NLR ya wifi yangu: karatasi ya FBP, mimba ya mapacha na presha

Wifi yangu alikuja kwangu Makorora, hapa Tanga, jioni, karatasi ya FBP, yaani majibu ya kipimo cha damu kamili, kaikunja mara nne ndani ya kadi ya kliniki, akaifungua juu ya mkeka taratibu huku ananiangalia usoni badala ya kuiangalia karatasi. Ana mimba ya wiki 14, mapacha, na ultrasaundi imeshasema kila mtoto ana kondo lake. Pembeni ya majibu kuna mtu kaandika kwa peni nyekundu NLR 4.6, kaizungushia duara, chini yake kaandika iko juu, angalia kifafa cha mimba. Basi. Hakuna maelezo mengine, na mwanamke ana siku tatu hajalala.

Mi nafanya kazi maabara, huu mwaka wa 11, hizo karatasi nazitoa kwenye mashine kila siku kwahiyo swali lake nililichukua kama langu. Nikamuuliza kitu kimoja kwanza, wifi, kliniki wamekwambia chochote kuhusu aspirini? Akasema hapana, kwani aspirini si dawa ya kichwa? Hapo ndo nikajua tuna kazi, maana alikuwa anahangaika na namba ambayo haibadilishi kitu kwenye matibabu yake, na dawa inayobadilisha hakuna aliyemtajia. Ndo sababu ya kuandika haya kwa urefu, siku hizi nazidi kuletewa hizi hesabu za NLR na ndugu zake PLR na SII, na wanaozileta ni wajawazito waliotishika, wengi wao wa mapacha.

Tuanze na karatasi yenyewe. FBP ni kuhesabu tu. Damu inaingia kwenye tyubu ya kizibo cha zambarau, mashine inahesabu seli nyekundu, seli nyeupe na pleteleti, alafu inazipanga seli nyeupe kwa aina zake. Neutrofili ndo nyingi zaidi, hizi ni askari wa mbele, zinakimbilia bakteria na kila palipoumia, hazina maisha marefu na mwili unatengeneza zingine kila siku. Limfosaiti ni wale wenye kumbukumbu, wanamtambua adui waliyewahi kukutana naye, na wengine kati yao kazi yao ni kuwatuliza wenzao wasije wakaivuruga nyumba. Pleteleti ni vipande vidogo vidogo vya kuziba palipochanika. Sasa mwili ukiingia kwenye inflamesheni, yaani ile hali ya kinga kuamka na kushika silaha hata kama nje huoni kidonda wala jipu, neutrofili kwa kawaida zinapanda na limfosaiti zinashuka, kwahiyo ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata namba moja iliyobeba habari zote mbili. Hiyo ndo NLR. Wifi alikuwa na neutrofili 7.4 na limfosaiti 1.6, namba hizi zote za seli ni kwa maelfu, gawanya, unapata 4.6. PLR ni pleteleti kwa limfosaiti, yake 246 gawa kwa 1.6 inakuja kama 154. SII ni pleteleti mara neutrofili alafu ndo ugawe kwa limfosaiti, yake inafika kama 1138.

Hakuna kipimo kipya hapo. Hakuna kemikali ya ziada wala sindano ya pili, ni hesabu ya simu juu ya damu ambayo imeshapimwa na hela imeshalipwa, na ndo maana watafiti wanazipenda sana hasa kwenye nchi ambazo vipimo vya gharama havifiki kila mahali. Ila zina kwao. NLR ilipata jina mwaka 2001 kwa daktari wa Slovakia, Zahorec, aliyekuwa anaangalia wagonjwa mahututi, na SII ilitoka China mwaka 2014 kwa wagonjwa wa saratani ya ini waliofanyiwa upasuaji. Wagonjwa mahututi na saratani ya ini. Mjamzito hakuwepo kwenye hesabu ya mwanzo, yeye aliletwa baadae, na mjamzito si mtu mzima wa kawaida kwa upande wa damu, hilo ntalirudia.

Kwa nini basi mtu akafikiria kuleta inflamesheni kwenye presha ya mimba? Sababu ipo na ni nzito. Wengi wetu tumezoea kuuita ugonjwa huu wote kifafa cha mimba, lakini kifafa chenyewe, yaani kudondoka na kukakamaa, ni mwisho wa safari. Safari inaanza mama akishapita wiki 20, presha inafika 140 kwa 90 au zaidi ikipimwa zaidi ya mara moja kwa kupishana masaa yasiyopungua 4, na pamoja na hiyo protini inavuja kwenye mkojo au kiungo kimoja kinaanza kulalamika, figo, ini, kichwa, macho, au pleteleti zinashuka. Na mizizi ya safari hiyo iko nyuma zaidi, kwenye miezi ya mwanzo kabisa, kwenye kondo la nyuma.

Kondo likijijenga linatakiwa kuipanua mishipa ya damu ya mji wa mimba. Mishipa hiyo mwanzoni ni myembamba na imejipinda kama waya wa chemchemi, seli za kondo zinaingia ndani yake na kuilegeza mpaka inakuwa mipana, damu inaingia polepole na kwa wingi, kama maji ya mfereji uliochimbwa vizuri yanavyoingia kwenye majaruba bila kuvunja kingo. Kazi hiyo isipokamilika, damu inaingia kidogo na kwa nguvu, kondo linaumia, na likiumia linamwaga vitu kwenye damu ya mama, vipande vyake lenyewe na protini moja inayoitwa sFlt-1. Mwaka 2003 watafiti wa Boston waliiweka protini hiyo kwenye panya wenye mimba, panya wakapanda presha na mkojo ukatoka protini. Yaani sumu inatoka kwenye kondo na inashambulia ngozi laini ya ndani ya mishipa ya mama mwili mzima. Ndo maana ugonjwa mmoja unaumiza figo, ini, macho na ubongo kwa pamoja, vyote vinapita mishipa, na ndo maana pia dawa yake ya kweli ni kondo kutoka.

Mwaka 1999 Redman na wenzake wa Oxford wakaja na wazo ambalo kwangu ndo ufunguo wa habari nzima. Walisema mimba ya kawaida kabisa, yenye afya, tayari ni hali ya inflamesheni. Seli nyeupe za mama mjamzito mzima zimeamka kiasi cha kukaribia za mgonjwa aliyeingiliwa na bakteria kwenye damu. Kwahiyo presha ya mimba si mgeni aliyetoka nje kuvamia, ni ile ile hali ya kila mjamzito iliyovuka kiwango ambacho mwili wa huyu mama unaweza kukibeba.

Sasa mlete mama wa mapacha. Ana makondo mawili, au moja kubwa. Vitu vinavyomwagwa kwenye damu yake ni vingi toka mwanzo hata kama mishipa ilipanuka vizuri, na kadiri miezi inavyosogea makondo yanabanana ndani ya nafasi ile ile moja na yanaanza kukosa damu ya kutosha kwa sababu tu ya kusongamana. Ndo maana mwenye mapacha anapata presha ya mimba mara mbili hadi tatu ya mwenye mtoto mmoja, na hajakosea kitu, hajala vibaya, hajabeba ndoo kupita kiasi. Wazee wetu wanasema panapofuka moshi pana moto, ila jiko la mapacha linafuka toka siku ya kwanza, wali ukiiva vizuri moshi upo na ukiungua moshi upo, kwahiyo aliyesimama nje ya jiko akauona moshi hajajua bado chakula kina hali gani.

Hapa Tanga hili la inflamesheni ya kondo lina historia yake. Mwaka 2006 ilitoka kazi iliyofanyika Muheza, wakichunguza damu na makondo ya akina mama waliojifungua hapo. Wakakuta kwa mama wa mimba ya kwanza ambaye malaria imejificha kwenye kondo, ile protini ya sFlt-1 iko juu kwenye damu, na walioongoza ni wale waliokuwa na malaria ya kondo na presha kwa pamoja. Malaria ya kondo ni inflamesheni halisi, seli nyeupe zinajazana katikati ya kondo, na kondo linajibu kwa kumwaga kitu kile kile kinachopandisha presha. Mi nikiwaona akina mama wanatupa vidonge vya SP, vya kukinga malaria kwa mjamzito, nje ya geti la kliniki kwa sababu vinachefua huwa naumia. Chandarua na SP si habari ya homa peke yake.

Rudi sasa kwenye duara jekundu la wifi.

Mtu mzima asiye na mimba na mwenye afya, NLR yake mara nyingi inakaa kati ya 1 na 3. Ukiweka 4.6 kwenye kipimo hicho lazima uogope. Lakini mimba yenyewe inapandisha neutrofili na kushusha limfosaiti kidogo, seli nyeupe 12 au 13 kwa mjamzito hazinishtui, na akiwa kwenye uchungu zinaweza kwenda mbali zaidi ya hapo bila ugonjwa wowote. Kwahiyo duara lile lilichorwa kwa rula ya watu wengine. Nikamuuliza tena, siku uliyotoa damu ulikuwa unajisikiaje? Akasema alikuwa anaenda chooni kila dakika na mkojo unachoma, wamempa dawa ya UTI siku hiyo hiyo. Bakteria kwenye njia ya mkojo wanaita neutrofili, ndo kazi yake. Tulirudia FBP baada ya kumaliza dozi, neutrofili 5.6, limfosaiti 1.8, NLR 3.1. Mama yule yule, mapacha wale wale, hatari ya kifafa ile ile, namba imeshuka kwa theluthi nzima kwa sababu ya UTI kupona.

Na si UTI peke yake. Malaria inashusha pleteleti na inaweza kushusha limfosaiti, jino bovu, mafua makali, vyote vinacheza na hesabu hii. Sindano ya deksa, ile wanayopiga kukomaza mapafu ya watoto wakihofia watazaliwa njiti, inapandisha neutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache, NLR inaweza kuruka mpaka ukashangaa, na ni dawa tu. Alafu kuna mambo ya maabara ambayo mgonjwa hayaoni. Tyubu ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu kugandana, damu ikiingia lazima uipindue taratibu mara 8 mpaka 10, usipofanya hivyo damu inaganda mabonge madogo madogo na mashine inakosa pleteleti za kuhesabu. Wapo pia watu ambao pleteleti zao zinashikana zenyewe zikikutana na ile dawa ya tyubu, mashine inasoma 70 wakati mtu ana 220, mpaka uchukue slaidi uangalie kwa macho kwenye hadubini ndo unaziona zimekaa mafungu mafungu pembeni. Nimeshawahi kusimamisha jibu la mama mmoja kwa sababu hiyo, walikuwa wanajiandaa kumwongezea damu. Sasa kosa dogo hivyo likiingia kwenye SII, ambayo inazidisha na kugawanya, linakua.

Lakini tuseme kila kitu kimefanyika sawa, damu safi, hakuna UTI wala malaria. Bado kuna tatizo la ndani ya hesabu yenyewe, na hili naona halisemwi vya kutosha. Kwenye presha ya mimba neutrofili zinapanda, sawa, hiyo inapandisha SII. Ila pleteleti zinashuka, maana zinatumika kuziba mishipa inayoumizwa kila mahali, na hiyo inaishusha SII. Vitu viwili vinavutana kwenye kamba moja. Mama ambaye ugonjwa wake umekuwa mkali mpaka pleteleti zimeporomoka anaweza kutoa SII ya kawaida kabisa, au ndogo. PLR nayo hivyo hivyo. Sishangai tafiti zinagongana, moja inasema wenye presha wana PLR ya juu, nyingine inasema ya chini, wote wanaweza kuwa wamehesabu sawasawa kwa wagonjwa walio hatua tofauti za ugonjwa. Na mwenye mapacha pleteleti zake huwa zinashuka kidogo hata akiwa mzima, kwa sababu maji ya damu yanaongezeka zaidi na makondo yanatumia zaidi.

NLR angalau haina mvutano huo, na kwa wastani ni kweli, ukiweka kundi la wenye presha ya mimba na kundi la wasio nayo, wenye presha wana NLR kubwa. Neno kubwa hapo ni kwa wastani. Wanaume wa Tanga kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, ila ukiniambia huyu ana sentimita 168 siwezi kukwambia ni mwanaume au mwanamke.

Hebu tufanye hesabu ya mfano, namba nazitunga ili tuone njia tu. Chukua akina mama 100 wa mapacha, tuseme 10 kati yao watapata presha ya mimba. Tuna kipimo cha namba kinachokamata 7 katika kila 10 wanaougua, na katika kila 10 wasiougua kinawaachia 7 na kuwasingizia 3. Kipimo kama hicho kwa karatasi kinaonekana kizuri. Sasa hesabu, wagonjwa 10, kinakamata 7. Wazima 90, kinasingizia 27. Waliochorewa duara jekundu jumla 34, wanaougua kweli humo ni 7 tu, wengine 27 ni kama wifi yangu, hawalali bure. Na 3 waliobaki nje wameambiwa wako salama, wanaenda nyumbani na amani ya uongo, na hao ndo wananitisha kuliko wale 27.

Alafu jiulize, hata kama duara lingekuwa kweli, daktari angefanya nini tofauti? Kuwa na mapacha peke yake kumeshamweka mama kwenye orodha ya hatari. Hatuhitaji NLR kutufikisha hapo, kichwa cha pili kwenye ultrasaundi kimetosha.

Na kinachofanyika ukiwa kwenye orodha hiyo kinajulikana. Aspirini ya dozi ndogo, shirika la afya duniani WHO toka 2011 linasema miligramu 75 kwa siku kwa walio kwenye hatari kubwa, wengine wanatoa mpaka 150, na kitu cha msingi ni kuianza mapema, kuanzia wiki ya 12 na ikiwezekana kabla ya 16, maana inasaidia wakati kondo bado linajipanga. Utafiti mkubwa wa 2017 kwa mimba za mtoto mmoja wenye hatari, waliopewa miligramu 150 usiku kuanzia wiki 11 hadi 14, ile presha inayolazimisha mtoto azaliwe kabla ya wiki 37 ilipungua kwa asilimia 62. Hiyo ilikuwa mtoto mmoja, kwa mapacha sikupi namba hiyo hiyo, ila mapacha wamo kwenye orodha za wanaopewa na nimeona iko sawa. Usiinunue tu duka la dawa ukaanza, mwenye vidonda vya tumbo, pumu fulani au mzio nayo lazima daktari aamue. Wifi alienda kesho yake na swali ameliandika kwenye karatasi, akapewa, wiki ya 14 na siku 4.

Kalsiamu pia, kwa sisi ambao maziwa ni ya chai tu. WHO walikuwa wanasema gramu 1.5 mpaka 2 kwa siku, vidonge vikubwa vingi, akina mama wanashindwa. Mwaka 2024 yalitoka majibu ya tafiti mbili, moja India na nyingine Dar es Salaam, kila upande wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza, yakaonyesha miligramu 500 kwa siku haizidiwi na 1500 kwenye kuzuia presha ya mimba. Kidonge kimoja. Ila usikimeze pamoja na fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, vinagombania njia, fefo asubuhi, kalsiamu jioni, na dagaa wa mifupa yao wakipatikana kula.

Baada ya hapo ni kupima, na kupima vizuri. Mama katembea juani toka Mwakidila mpaka kliniki, kakaa kwenye benchi dakika moja kashikwa mkono, presha hiyo ni ya jua. Apumzike dakika 5, akojoe kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupandanisha, mkono umelazwa usawa wa moyo, kitambaa cha mashine kinatosha mkono wake, na asiongeleshwe. Mkojo uchovywe kijiti kila hudhurio, si siku ya kwanza peke yake. Na kama kuna namba ya FBP ya kuizungushia duara basi ni pleteleti zenyewe, mbichi, bila kuzigawa kwa chochote, na uziweke mstari mmoja na zile za mwezi uliopita. Zikishuka chini ya 100 pamoja na presha, hiyo ni dharura. Kipimo cha sFlt-1 na mwenzake PlGF, protini nyingine ya kondo, kipo kwenye hospitali kubwa za nje, wanagawanya ya kwanza kwa ya pili, na kwa mtoto mmoja wanatumia mpaka wa 38, chini ya hapo ugonjwa hautarajiwi kutokea ndani ya wiki moja, ila kwa mapacha makondo mawili yanamwaga sFlt-1 nyingi kuliko kawaida kwahiyo hata mpaka huo hauhamishiki hivi hivi.

Wiki ya 33 miguu ya wifi ilivimba mpaka kandambili hazimwingii. Mama mkwe wake akasema ni mapacha hao, mimi mwenyewe nilivimba hivyo. Na kweli miguu kuvimba si dalili ya kutegemea, wazima wanavimba. Ila uso nao ulikuwa umejaa, na usiku kichwa kinamgonga mbele, panadoli hakisikii. Nikamwambia kaka asisubiri siku ya kliniki, wakachukua bajaji usiku ule ule. Presha 144 kwa 94, masaa 4 baadae 146 kwa 92, mkojo protini alama mbili kwenye kijiti. Pleteleti zake nilikuwa nazo kwenye simu, 246, alafu 238, alafu 201, na siku hiyo 163. Bado ni kawaida kwa kitabu, lakini mteremko unauona. Wakamlaza, wakampiga deksa, na kesho yake FBP ikatoka na NLR ya 12. Alinipigia simu akilia, wifi imefika 12. Nikamwambia hiyo ni deksa, uliza presha yako ngapi, uliza pleteleti ngapi, mengine yaache.

Wiki ya 35 presha ikagonga 162 kwa 110 na macho yakaanza kuona vimulimuli. Wakampa magnesiamu, nyingine kwenye mshipa nyingine kwenye makalio, inachoma na mwili mzima unapata joto la ghafla, nesi akawa anamgonga goti kila saa kuangalia kama mguu bado unaruka na anahesabu pumzi, maana dozi ikizidi goti ndo linasema kwanza. Dawa hiyo mwaka 2002 ilijaribiwa kwa wanawake kama 10,000 nchi 33 na ikapunguza kifafa kwa zaidi ya nusu. Jirani mmoja alitaka wampeleke kwanza kwa mganga, akiamini ni mambo ya mashetani. Sikumgombeza, nilimwambia dua isomwe, lakini isomewe wodini. Akafanyiwa upasuaji, wa kike kilo 2.1 na wa kiume 1.9.

Watu wakapumua, na hapo ndo penye mtego, kondo limetoka lakini hatari haijatoka siku hiyo. Kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua, zaidi siku mbili tatu za mwanzo, na hata wiki kadhaa baadae kimeshatokea. Siku ya tatu wifi akasema kichwa kinauma tena na hapa chini ya mbavu kulia panabana, aliyelala kitanda cha pili akamwambia ni vidonda vya tumbo, meza maziwa. Kumbe ini nalo linaumaga hapo. Mkunga wa zamu alipima palepale, 158 kwa 104, wakabadilisha dawa na wakamzuia kutoka siku 4 zaidi.

Arobaini ilipofika presha ilikuwa 118 kwa 76. Kaka alitaka kuitupa ile kadi, imechakaa na ina madoa ya chai, nikamwambia aiweke kwenye begi la vyeti, maana aliyepata presha ya mimba moyo na figo zake zinatakiwa kuangaliwa miaka yote inayokuja. Karatasi yenye duara jekundu bado imo ndani. Juu ya jalada nimeandika kwa peni ya bluu, alipata presha ya mimba wiki 33, mapacha, pleteleti zilishuka, mimba ijayo aspirini iulizwe hudhurio la kwanza.